Wimbo Usio na Kimya Katikati

Niseme mapema ili pasiwe na ubishi: katika mji wote wa Kitale, miaka ile, hakukuwa na masikio kama yangu. Sikuyapata bure. Niliondoka Kenya na sanduku moja lililofungwa kamba, nikaosha sufuria katika jikoni za hoteli za Uingereza, nikabeba nyama iliyoganda kwenye maghala ya baridi, na kwa mshahara huo nikajilipia masomo mpaka nikapata diploma ya ufundi wa sauti. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu. Niliporudi nyumbani, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilirudi na spika, amplifaya na mashine za kurekodi, nikafungua duka Kibomet, na diploma nikaitundika mahali ambapo kila anayeingia lazima ainue macho.

Nilikodisha vyombo kwa harusi, mazishi na mikutano ya injili. Mhubiri akitumia vyombo vyangu, bibi aliyeketi nyuma kabisa ya uwanja alimsikia akimeza mate. Hiyo haikuwa bahati. Ilikuwa elimu.

Jumapili alasiri sikukodisha kitu. Nilivuta mlango nusu na kupanga viti vinne. Tulikuwa watu wanne tuliopenda muziki ambao hakuna mwingine mtaani aliyeuvumilia: ile roki ya Wazungu ya miaka ya sabini waliyoiita progresivu, ambayo wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri. Una vinanda na filimbi, mdundo hubadilika ukidhani umeuzoea, na mwimbaji huja, hupotea, kisha hurudi kama mgeni aliyesahau kofia. Sisi tuliuita roki ndefu. Majirani waliuita kelele za Injinia.

Wa kwanza baada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bungoma. Alikuja Kitale kila Jumapili na tai shingoni, kana kwamba muziki ungemkagua. Wa pili alikuwa mama mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo pale Saboti. Baba yake, aliyetoka Murang'a kuja kutafuta shamba, alinunua vyombo vya nyumba ya mlowezi aliyekuwa akihama, na chini ya mablanketi akakuta sanduku la santuri. Kaka zake walirithi ng'ombe. Yeye alirithi gitaa za umeme, na hakuona amepunjwa. Wa tatu tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini. Nyumbani kwake kulikuwa Kapsokwony, juu mlimani, alikomwacha mke na watoto watatu na kwenda kuwaona kila mwisho wa mwezi.

Sheria yetu ilikuwa moja. Wimbo ukianza, hakuna kuongea mpaka uishe. Kukohoa ruhusa, kuongea hapana. Ukiisha, vita.

"Huyo mwimbaji wako anaimba kama mtu amefinywa na mlango," Mama alimwambia Mwalimu.

"Hiyo ni sauti ya juu, Mama. Malaika wanaimba hivyo."

"Basi malaika wako ana mafua."

"Afadhali mafua! Wako anaunguruma kama trekta imekataa kuwaka asubuhi."

Hapo ndipo nilipoingilia kati, maana wao walibishana juu ya santuri, na mimi niliwaona baadhi ya waimbaji hao kwa macho yangu. Nilisimama nyuma ya kumbi zao, bado nanuka sabuni ya sufuria, nikasikia jinsi sauti ya jukwaani inavyotofautiana na ile ya studio.

"Ameanza," Mwalimu alisema. "Mfunge mikanda. Injinia anapanda ndege."

Karani hakuwa mtu wa maneno. Yeye alileta kaseti, na kwa kaseti zake tulimheshimu. Kapsokwony iko juu, na redio ya huko hudaka stesheni za ng'ambo ya mpaka ambazo sisi wa chini hatukuzipata hata kwa waya mrefu. Stesheni moja ilikuwa na kipindi jioni moja kila wiki, na mtangazaji wake alipiga maonyesho ya jukwaani ambayo hata mimi nilikuwa sijayasikia. Nakiri hilo kwa shida. Kwa kuwa Karani alikuwa mjini siku hizo, mkewe ndiye aliyemrekodia. Hakuwa na waya wa kuunganisha, kwa hiyo aliweka kinasa kaseti mbele ya redio na kubonyeza. Kaseti ilishuka na mwenye pikipiki aliyeleta vitunguu sokoni, na Jumapili tulikuwa nayo.

Kurekodi namna hiyo kunanasa kila kitu chumbani. Kaseti za kwanza zilikuja na kuku, watoto wakigombania kijiko, mbwa wa jirani, na kengele ya ng'ombe ikipita nyuma ya nyumba. Tulizoea. Mwalimu alidai kwamba kuna wimbo mmoja ambao mbwa yule aliingia mahali pazuri kuliko mpiga besi.

Kisha ikaja kaseti moja iliyotugawanya.

Lilikuwa onyesho la jukwaani, wimbo mrefu wenye mdundo wa saba. Watu wa dansi huhesabu nne. Wapenzi wa roki ndefu tunajivunia kuhesabu saba kwa vidole mezani bila kupotea. Katikati ya wimbo, mwimbaji akiwa amenyamaza na kinanda kikipanda, zilisikika ngoma nzito mbili, halafu moja, halafu tatu za haraka. Hazikukaa kwenye saba. Hazikukaa popote.

Wimbo ulipoisha Mwalimu aliruka kitini. "Mmesikia? Mmesikia huyo mtu? Anapiga nje ya hesabu makusudi! Hiyo ndiyo akiri, bana!" Akisisimka, r na l zake zilibadilishana viti.

"Akili ya nini?" Mama aliuliza. "Hiyo ni kama mtu anapasua kuni."

"Kuni! Mama, unauza mbegu, hujui ngoma."

"Najua hesabu. Hiyo haimo kwenye saba."

"Si ndiyo utamu wenyewe! Mpiga ngoma wa kawaida angebaki ndani. Huyu ametoka nje na kurudi."

Karani alitabasamu, akifurahi kwamba kaseti ya kwake imewasha moto. Kosa la kuzisifu ngoma zile wangeweza kulifanya watu kama sisi tu. Mpenzi wa kwaya akisikia pigo limekwenda kombo, husema mpigaji amekosea. Mpenzi wa roki ndefu husema mpigaji ni mwerevu kuliko yeye. Tumefundishwa na muziki wetu kuamini kwamba kila kinachotoka nje ya mstari kimepangwa.

Ubishi wao sikuuamua siku ile. Nilimwomba Karani aniachie kaseti niisafishe.

Kesho yake, mchana, niliiweka kwenye mashine, nikapunguza sauti za juu na kuacha za chini. Ngoma za jukwaani hupigwa ukumbini na hurudisha mwangwi wa ukumbi. Hizi hazikuwa na mwangwi wa ukumbi. Zilikuwa na mwangwi wa bonde. Niliacha kaseti iendelee hadi baada ya wimbo, jambo ambalo hatukulifanya kamwe, maana kundini tulikuwa na desturi ya kumzima mtangazaji asitupotezee muda. Safari hii nilimwacha aongee. Alitaja jina la wimbo, akataja ukumbi, na alipokuwa akiwasalimia wasikilizaji, ngoma ikapiga tena. Mara mbili.

Hakuna mpiga ngoma anayempigia mtangazaji.

Nilivuta droo na kutoa kaseti zote za Karani nilizokuwa nimezihifadhi, nikazipanga kuanzia ya zamani. Nilisikiliza kinyume na tulivyosikiliza siku zote: niliuacha muziki, nikasikiliza nyumba. Katika za zamani walikuwapo kuku, watoto, mbwa, kengele ya ng'ombe. Kisha kengele ikapotea. Kisha mbwa. Watoto walipungua sauti, wakawa wananong'ona, mwisho hawakusikika kabisa, ingawa najua kwamba watoto watatu hawanyamazi kwa sababu ya kinanda. Na katika kaseti ya mwisho sauti ya nje ilikuwa kubwa kuliko zamani. Kinasa kilikuwa kimesogezwa. Kilikuwa karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi, katika baridi ile ya mlimani.

Mlima ulikuwa ukinyamaza kidogo kidogo, na mtu alikuwa akiturekodia kimya chake.

Tulikuwa tumesikia mambo, kama kila mtu. Ilisemwa kwamba kuna vijana wameingia msituni na bunduki kwa sababu ya ugomvi wa mashamba. Ilisemwa kwamba wanapita nyumba kwa nyumba, na kwamba anayefungua mdomo kwa watu wa chini hukatwa sikio. Lakini Kitale ilikuwa ikipalilia mahindi yake, na Karani alisema kila mara kwamba maneno hayo ni ya upande mwingine, si ya kwao.

Alipotoka kazini nilimwita dukani. Nilimwonyesha kila kitu, kaseti kwa kaseti. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono mifukoni.

"Huyo mbwa ni wa jirani," alisema kwenye ile ya kwanza.

"Na hapa yuko wapi?"

"Labda jirani amesafiri. Mke wangu aliniambia wameenda matanga."

"Wamekwenda matanga na ng'ombe?"

Aligeuka na kunitazama kwa hasira. "Injinia, wewe una diploma ya spika. Usinisomee nyumba yangu. Nikitoa watu wangu leo, kesho shamba lina mtu mwingine. Unajua baba yangu amelala wapi? Amelala pale nyuma ya choo cha zamani, chini ya mparachichi. Nimwachie nani?"

"Mpigie simu mama watoto," nilimwambia.

Mtandao wa mlimani ulikuwa wa kubahatisha, lakini jioni ile ulikubali. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, sikuhitaji kusogea.

"Huko kuko aje?" Karani aliuliza.

"Tuko salama," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare kama ya mtu anayesoma. "Kaseti ilifika?"

"Ilifika."

"Mliisikiliza yote?"

Karani alinitazama. "Yote."

"Mpaka mwisho? Hata pale mwimbaji amenyamaza?"

"Hata pale."

"Basi ni sawa," alisema. "Huo wimbo uko karibu sana siku hizi." Na simu ikakatika.

Karani aliketi juu ya spika. Mwaka mzima mkewe alikuwa akimrekodia muziki asioupenda. Mara kwa mara alitupasha kwamba mkewe huuita muziki wa watu wasio na jembe. Sasa alielewa kwa nini dirisha lilikuwa wazi. Mkewe hakuweza kusema kwa simu, maana hakujua nani amesimama nyuma ya ua. Hakuweza kuandika. Lakini alijua kwamba Kitale kuna watu wanne wapumbavu wanaokaa kimya na kusikiliza chochote anachowatumia, mpaka mwisho.

"Nitawatoa," Karani alisema.

Kuwatoa hakukuwa rahisi. Alitueleza Jumapili iliyofuata, Mama na Mwalimu wakiwapo. Anayeonekana akipakia vitu kwenye gari huhesabiwa kuwa msaliti, na hafiki barabarani. Vijana wa msituni walijua kila nyumba: nani amelala, nani amewasha moto, nani redio yake inaita. Familia ingetoka tu ikiwa nyumba itaonekana ina watu. Kuna njia ya mto nyuma ya boma, inashuka kwenye mahindi mpaka barabara ya chini. Wakiipata barabara ile kabla nyumba haijashukiwa, wamepona.

"Nyumba itaonekana vipi ina watu?" Mama aliuliza.

Karani aliinua macho. "Nikiwa nyumbani Jumapili mchana, napiga muziki wetu kwa sauti mpaka ng'ambo ya bonde wanalalamika. Wote wanajua. Muziki huo ukilia, mimi niko ndani."

Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha ya kundi letu, tulibishana juu ya nyimbo na hakuna aliyecheka mwanzoni.

Mwalimu alitaka wimbo wake, ule wa mwimbaji wa sauti ya malaika. "Ni mrefu kuliko yote. Unajaza upande mzima."

"Na katikati?" nilimuuliza.

"Katikati ni filimbi."

"Filimbi, halafu upepo, halafu kimya. Mtu anaweza kusali rozari nzima katika kimya hicho. Unataka mtu asimame nje ya mlango wa Karani asikie kimya?"

Mwalimu alifungua mdomo kutetea, maana ametetea kimya hicho miaka mingi. Alikwisha kutuambia mara ngapi kwamba ndicho kiini cha wimbo. Akaufunga mdomo. "Hapana," alisema. "Huo utoke."

Mama alipendekeza ule wa mwanamke wa sauti nzito. Huo ulianza polepole mno. Ungechukua muda kusikika ng'ambo ya bonde. Tukaukataa, tukakataa mwingine kwa sababu unaishia na saa ikigonga, mwingine kwa sababu mwimbaji hanong'oni tu, anaacha kabisa. Hatukujua mpaka siku ile ni kimya kiasi gani tulichokuwa tukikipenda. Kila wimbo mkubwa ulikuwa na shimo katikati, na kila shimo lilikuwa na ukubwa wa mtu kupita.

Mwishowe nikapendekeza wa kwangu. Lilikuwa onyesho nililohudhuria mwenyewe, nikalirekodi kwa ruhusa ya fundi wa ukumbi aliyekuwa mwalimu wangu. Wimbo unaanza kwa kishindo na haupumziki. Pale ambapo kwenye santuri bendi hunyamaza, ukumbini watu walipiga makofi na kuimba wenyewe mpaka mwimbaji aliporudi.

"Makofi?" Mwalimu alisema. "Nyumbani kwa Karani kupigwe makofi?"

"Na kwa nini isiwe?" Mama alisema. "Ukumbi mzima wa Wazungu uko sebuleni kwa Karani. Nani ataingia bila kualikwa?"

Hapo tulicheka, hata Karani, kicheko kifupi kilichotutia aibu.

Nilinakili wimbo huo kwenye kaseti ndefu kuliko zote zilizouzwa Kitale, nikaongeza sauti za chini ili zibebe bonde, nikaunganisha mwisho wa wimbo na onyesho jingine la usiku uleule pasipo pengo la hata pumzi moja. Hakuna fundi mwingine kati ya Webuye na Lodwar ambaye angefanya kiungo kile kisisikike. Nilimpa na betri mpya, nikazipima moja moja kwa mita.

Mwisho wa mwezi Karani alipanda mlimani kama kawaida yake, na mkate na sukari kwenye mfuko, kaseti kwenye koti. Mwalimu aliazima pikapu ya shemeji yake, mwuza kuku, akasema atangoja barabara ya chini, kofia usoni, kama dereva aliyeharibikiwa na gari.

Jumapili hiyo dukani tulikuwa wawili, mimi na Mama. Viti tulivipanga vinne. Saa ile ambayo Karani alisema atabonyeza, niliweka nakala yangu na kuwasha. Sijui kwa nini. Mama hakuuliza. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaweka mikono juu ya mapaja.

Sijawahi kusikiliza wimbo namna ile. Niliujua kila mlango wake, lakini siku ile sikuwa ukumbini. Kila mahali mwimbaji alipovuta pumzi niliona mtoto na mtungi kwenye njia ya mto. Makofi yalipokuja niliona sebule isiyo na mtu, kalenda ukutani, vikombe juu ya meza, na umati wa watu wa mbali wakishangilia viti vitupu. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima tangu asubuhi. Kwenye ufa wa mlango nilitazama pale mlima unapokuwa siku zote, na haukuwapo. Wimbo ukaisha, kiungo changu kikapita bila kusikika, onyesho la pili likaisha, na kaseti ikajizima yenyewe. Hatukuongea hata baada ya kuisha.

Simu ya Mwalimu ilikuja jua likielekea kuzama. "Tumepita Kimirili," alisema. "Wote. Niko nao wote."

Mama alilia. Mimi nilizima mashine na kufunika spika. Mikono yangu ilikuwa imara, nataka hilo lijulikane.

Karani na watu wake walikaa kwa Mwalimu, Bungoma, katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuku wa kisasa. Baada ya majuma kadhaa tulihamishia Jumapili zetu huko. Nilibeba mashine zangu kwa gari, Mama akaja na kikapu cha viazi, na tukakaa uani kwa Mwalimu chini ya mabati. Habari za mlimani zilikuwa zimeanza kufika kwa kila mtu, mbaya kuliko zile za mwanzo, na watu walishuka na magodoro vichwani. Wengine hawakushuka.

Siku hiyo mke wa Karani aliketi nasi kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyotulia mahali. Hata akimenya kiazi, alitazama lango.

"Shemeji," Mwalimu alisema ili kuchangamsha uwanja, "sasa wewe ni mwanachama. Tuambie, katika zote ulizoturekodia, mwimbaji gani ni mkubwa?"

"Wote wanapiga kelele," alisema. Tulicheka. Kisha akasema, "Lakini huyo wa mwisho nilimsikia vizuri."

"Ukiwa nyumbani?"

"Nikiwa mtoni. Watoto walishavuka. Baba yao alikuwa nyuma yangu, bado kwenye mahindi. Sauti ilikuwa inakuja vizuri, mpaka nikasema kweli, mtu angedhani tuko ndani." Akaacha kumenya. "Halafu ikaisha."

"Haikuisha," nilisema. "Mlikuwa mtoni? Haiwezekani. Mtoni ni karibu. Kaseti ilikuwa bado sana."

"Iliisha, Injinia."

Karani aliinamisha kichwa. Alijua. Alikuwa kwenye mahindi, naye alisikia, na wiki zote hizo hakututajia.

"Labda betri," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

"Betri nilipima mwenyewe," nilisema. Nikamgeukia mke wa Karani, nikamuuliza kama fundi anavyouliza. Betri ikifa, kaseti huchoka kwanza. Mwimbaji huanza kuzama, mwanamume huwa dubwana, ngoma hutembea kama mlevi, na ndipo kimya kinapokuja. Lakini mtu akibonyeza kitufe, hukatika mara moja. "Sauti ilizama? Ilikuwa nzito, polepole?"

Alitikisa kichwa. "Ilikatika kama kwa kisu."

Ng'ambo ya ua mtu alikuwa akipigilia msumari, na sote watano tuligeuka.

"Wapi?" Mama aliuliza. "Ilikatikia wapi?"

Mke wa Karani, mwanamke wa muziki wa watu wasio na jembe, alituimbia. Hakujua maneno. Aliimba sauti tu, ile ya ukumbi, watu wakimwimbia mwimbaji wao wakimngoja arudi. Aliipata sawasawa, kwenye saba, bila kupotea. Akafika mahali umati unapoanza kupanda, akaacha katikati ya pumzi.

"Hapo," alisema.

Nilipajua. Ni kabla ya makofi. Mtu alikuwa ameingia sebuleni, akasimama mbele ya kinasa pale pale ambapo nyimbo za wengine zina kimya na wa kwangu hauna, akanyoosha mkono. Na Karani alikuwa bado kwenye mahindi.

Wengine wakitaja mambo makubwa waliyofanya, mimi hutaja kiungo kile na wimbo ule. Ningechagua mwingine wowote, kimya chake kingemwingiza mtu yule mapema, na mke wa Karani angevuka mto peke yake. Hilo nililisema hata siku ile, na hakuna aliyenibishia, hata Mwalimu.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na hata Kitale watu walianza kuulizana majina ya baba zao. Tulipokuwa tukipakia mashine, Mama alikuja upande wangu wa gari, akaegemea dirisha. Alizungumza kwa mzaha, lakini hakutabasamu.

"Injinia, Saboti ni mbali na barabara kuliko kwa Karani," alisema. "Kaseti ya kwangu nitengenezee ndefu."

Nyuma yake, uani, Karani alikuwa amewasha mashine ambayo sikuwa nimeifunga bado, nakala yangu ikiwa ndani. Alitaka kusikia sehemu iliyobaki, ile ambayo hakuisikia siku ile. Umati ulianza kuimba. Mkewe aliweka kiazi chini, akainuka, na kabla ya makofi akanyoosha mkono akaizima.